UZI: Nilisoma fasihi miaka mitatu watu wakanicheka, ila alama nne za muktadha ndo zilinirudisha kwa kaka yangu

Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Uzi ni mrefu kidogo mnivumilie, nauandika kwenye simu nimejilaza kwahiyo herufi zikipishana mtanisamehe.

Mimi nilisoma fasihi ya Kiswahili chuoni, miaka mitatu kamili. Mnajua wenyewe ukimwambia mtu unasoma fasihi anavyokuangalia, kwanza anauliza "unasomea ualimu?", ukimwambia hapana ananyamaza kidogo alafu anabadilisha mada kistaarabu kama vile umemwambia una mgonjwa nyumbani. Nimeshazoea. Ualimu sikuufanya, mpaka leo nipo kwenye kitengo cha malalamiko cha kampuni fulani, nasoma barua na imeili za watu waliokasirika toka asubuhi mpaka jioni, na mtu akiniuliza fasihi imenisaidia nini huwa namjibu kiutani kwamba kila lalamiko ni hadithi ya nafsi ya kwanza. Sio utani sana lakini, nitarudi hapo.

Nataka nisimulie kitu kimoja tu. Kuna watu wanasema fasihi imewafunza upendo, uvumilivu, sijui kuheshimu wakubwa. Hongera zao. Mimi hayo niliyaona kwenye majibu ya mtihani, yale ya "mwandishi anatufunza kuwa...", ukishakabidhi karatasi umeyaacha hukohuko. Kilichonigusa mimi ni kaswali ka kijinga kabisa ambako kila aliyepita kwenye vitabu vya fasihi sekondari amekajibu mpaka kakamchosha: "Eleza muktadha wa dondoo hili. Alama nne."

Mnakakumbuka? Unapewa kasentensi kamenyofolewa kitabuni, kamekaa peke yake, wewe useme nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini yamesemwa. Alama moja moja. Sisi tulikuwa tunaziita alama za bure, unaziokota kwanza kabla hujaingia kwenye yale maswali ya kutoa jasho.

Sasa chuoni tukakutana na mwalimu mmoja, mama mtu mzima, anaongea taratibu mpaka unasinzia, ila kalamu yake nyekundu haikuwa na huruma. Yeye ugonjwa wake ulikuwa msemewa. Kwamba wote tunakimbilia msemaji, tunamchambua tabia zake, tunamwita katili, mnafiki, mpenda anasa, lakini yule aliyekuwa anaambiwa tunamsahau au tunambahatisha. Kuna siku nilichambua dondoo moja karatasi nzima, nikaweka kinaya, nikaweka taswira, nikajiona nimeua kabisa. Akanirudishia na alama moja kati ya nne. Neno "msemewa" kalizungushia duara, pembeni kaandika: "Umeyaeleza vizuri sana maneno ambayo hukuyasikia vizuri."

Nilimchukia wiki nzima.

Ngoja niweke simu kwenye chaji nitaendelea, na hiyo chaji ishikeni kichwani maana imo kwenye hadithi.

Namba Hazidanganyi

Aya nyingi namna hii halafu kaka bado hajaonekana. Fasihi hiyo.

Bint Kurasa

Mwache mtu atandaze mkeka kwanza. Mimi nimeshakaa.

Kalamu Butu

Haya nimerudi.

Nilikuwa likizo ya mwaka wa pili. Mzee wetu alikuwa na karakana ya kuchomelea, mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Mwaka ule mgongo ulimkataa kabisa, akiinama kuinuka ni mpaka ashikwe. Usiku mmoja nilikuwa nje naongea na simu ikakata moto, nikawa naingia ndani kufuata chaja. Kufika barazani nikasikia mzee na kaka wanaongea sebuleni, mlango umeegeshwa. Na sauti ya kaka, siwezi kuisahau, anasema: "Huyo mwacheni na vitabu vyake. Hata ukimleta karakana hatakufaa kwa lolote."

Nikageuka. Chaja sikuichukua.

Wakuu, ile sentensi nimetembea nayo miaka tisa. Sikugombana naye, angalau ugomvi una mwisho. Nilipoa tu. Simu zake nikawa napokea ya tatu, harusi yake nilikaa viti vya nyuma kabisa kama mgeni wa mgeni, nilipopata kazi nikamwambia mama na yeye akaja kusikia kwa mama. Na nilikuwa nawasimulia watu, hapa ndo pabaya. Marafiki niliwasimulia, mchumba nilimsimulia, kila ninapoisimulia inanoga zaidi ya jana. Baada ya kama mara kumi nikawa naimalizia na "...alafu akacheka." Kicheko kile mimi leo ukiniapisha siwezi kukwambia kama nilikisikia au nilikiweka mwenyewe ili hadithi ifunge vizuri. Mtu niliyefundishwa semina nzima kuhusu msimulizi wa nafsi ya kwanza, kwamba usimwamini kwa sababu tu anasema "mimi", anakuonyesha anachotaka ukione na anajipendelea hata akiwa analia. Nilipasua ule mtihani. Wa kwangu mwenyewe sasa.

Twende kazini. Kuna siku kwenye foleni yangu ikaangukia barua ya mteja mmoja, kurasa nne, mkono mzuri, mama wa watu kaumia. Anasema alipiga simu huduma kwa wateja, kijana aliyempokea akamwambia "hiyo sio shida yangu". Anataka kijana afukuzwe. Ukisoma ile barua na wewe unataka kijana afukuzwe, nakuapia, maana alikuwa anajua kusimulia. Utaratibu wetu lazima usikilize rekodi, nikavaa vile vya masikioni. Kweli bwana, dakika ya sita yule kijana anasema "hiyo sio shida yangu", wazi kabisa. Nikarudisha nyuma kidogo. Kuna sauti nyingine kwa mbali, ya mwenzake wa zamu, inamwambia muda umeisha, akate simu watu waondoke. Na kijana anamjibu yule mwenzake: "Hiyo sio shida yangu, namalizana na huyu mama kwanza." Hakuziba kinasa sauti vizuri. Mama akasikia nusu ya kwanza, akakata simu kwa hasira kabla ya nusu ya pili.

Sasa pale kwenye fomu kuna kisanduku cha maelezo. Sijui ni mazoea au nini, mkono wangu wenyewe ukaandika kwa mpangilio wa zamani: Msemaji, mhudumu. Msemewa, mhudumu mwenzake. Nikasimama hapo kwenye msemewa. Nilikaa na kalamu hewani mpaka jamaa wa meza ya pili akaniuliza kama naumwa.

Jioni nilipofika nyumbani nikachukua bahasha iliyotumika nikaandika nyuma yake.

Dondoo: "Huyo mwacheni na vitabu vyake. Hata ukimleta karakana hatakufaa kwa lolote."

Msemaji: kaka.

Msemewa: nikaandika "mimi". Nikaangalia. Nikakata. Mzee.

Mahali: sebuleni, wao ndani, mimi barazani na wala hawajui kama nipo.

Sababu: hapo ndo palinichukua usiku mzima. Kwa sababu jibu nilikuwa nalo miaka yote, ila lilikuwa limetawanyika. Siku mbili kabla ya usiku ule mzee aliniambia "mwaka huu itabidi tuongee kuhusu hicho chuo chako". Mazungumzo hayo hayakuwahi kuja, nilirudi chuo likizo ilipoisha na hakuna aliyesema kitu. Na mwezi uliofuata kaka, ambaye alikuwa ni dereva huko mbali, ana kazi yake na maisha yake, aliacha udereva akarudi kushika karakana. Hayo yote nilikuwa nayajua, jamani. Kila moja nilikuwa nimeliweka ukurasa wake. Sijawahi kuyasoma kwa kufuatana.

Na "hatakufaa kwa lolote", sasa hivi ndo naisikia vizuri. Mzee wetu sio mtu wa kumwambia "mwache mtoto asome anachopenda", ungekuwa umemchokoza. Ukitaka mtu wako aachiwe mbele ya mzee wa aina ile unamkandia. Unasema hafai, mikono laini, atakuharibia vyuma. Basi anaachiwa.

Mzee wa Kando

Duh.

Msemewa.

Bint Kurasa

Mleta uzi umenigusa pabaya. Ngoja na mimi niweke yangu kwasababu inafanana ila imetokea upande mwingine.

Kwangu ilikuwa ni Okonkwo. Kitabu cha Chinua Achebe kilitoka 1958, sisi tulikisoma kwa tafsiri ya Kiswahili ambayo jina lake ni Shujaa Okonkwo. Sasa angalieni hilo jina. Kule kwenye Kiingereza kichwa cha kitabu, Things Fall Apart, hakimtaji kabisa, sisi tukakabidhiwa neno shujaa kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza. Basi nikamsoma kama shujaa! Mtu kajitengeneza mwenyewe, kamwangusha bingwa wa mieleka, baba yake Unoka alikuwa mvivu mwenye madeni na filimbi yake, yeye akaapa hatakuwa kama baba yake. Nikasema huyu ni mimi. Maana na mimi mama yangu alikuwa mpole kupita kiasi, watu walimdhulumu mchana kweupe anasema yaishe, na nikaapa.

Alafu tukafika kwa Ikemefuna. Yule mtoto aliyekaa kwa Okonkwo miaka mitatu anamwita baba. Siku wanampeleka porini kumuua, mzee wa watu alishamwonya Okonkwo asiwe na mkono pale, akaenda hivohivo. Mtoto kupigwa panga la kwanza kamkimbilia yeye, anamwita baba, na yeye ndo akammaliza. Kwa sababu moja tu imeandikwa pale waziwazi, aliogopa kuonekana dhaifu. Darasani nikajibu vizuri tu, udhaifu wa mhusika mkuu, hofu ya kufanana na baba, alama zote nikachukua. Nikasahau.

Miaka imepita nina mtoto wangu, ana miaka minne, kadondoka na baiskeli goti limechubuka damu inatoka, sebuleni nina wageni wa ofisini, akaja anakimbia mikono ameinyoosha. Na mimi nikamwambia "Nyamaza. Mtoto mkubwa halii." Akasimama katikati ya sebule mikono bado ameinyoosha vilevile, hajui aishushe au aiache.

Ile mikono jamani. Nilikiona kitabu chote pale kwenye zulia. Nilimnyanyua mbele ya wageni na nikalia mimi kuliko yeye, wageni wakaaga.

Sijabadilika kuwa malaika, bado mkali. Ila mtu akinikimbilia naangalia mikono kwanza.

Namba Hazidanganyi

Nasoma kimyakimya nanyi mnanikera kwasababu nilikuja kubisha. Ila nitabisha tu. Hivi hayo si mtu anajifunza hata bila kusoma fasihi? Mimi jirani yangu hajawahi kushika riwaya maisha yake yote na ndiye anayesuluhisha ugomvi wa mtaa mzima. Na walimu wa fasihi ninaowajua wawili hawaongei mwaka wa tatu huu. Miaka mitatu ya chuo ili ujue kwamba sentensi ina msemewa? Ghali hiyo.

Kalamu Butu

Hapo hatubishani mkuu. Kaka yangu mwenyewe hajawahi kumaliza riwaya, ananiambia kila siku anaishia pale wanapoanza kuelezea mawingu. Na ndiye aliyejua usiku ule aongee nini mbele ya nani. Mwenye shahada alikuwa barazani anasikia nusu.

Nadhani kuna watu wanazaliwa na sikio hilo, sisi wengine tunalipia ada.

Fundi wa Beti

Mimi sio wa riwaya, mimi ni wa mashairi, na yangu ni ndogo.

Shuleni nilichukia mizani, ile hesabu ya silabi za kila mstari, kuliko kitu chochote. Unahesabu na vidole chini ya meza kama unaiba, nane ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari) nane utao (nusu ya pili), ikizidi moja mwalimu anaifuta. Nikawa naona ni kufungwa pingu tu. Mpaka nikaja kusoma habari za Abdilatif Abdalla, mshairi wa Kenya, alifungwa jela 1969 akatoka 1972, mashairi aliyaandika mlemle kwa kujificha kwenye karatasi za msalani, yakatoka kitabu 1973 kinaitwa Sauti ya Dhiki. Kilichonishangaza ni kwamba mtu yuko kwenye hali ile, karatasi yenyewe ya wizi, na bado anapanga vina, bado anahesabu. Nikasema huyu pingu nyingine ya nini? Sikuelewa.

Nilikuja kuelewa nilipomkosea mke wangu. Sitasema nini. Alirudi kwao, simu hapokei, nikaamua nimwandikie shairi kwa sababu zamani ndo nilimpatia hivo. Nikaanza:

Maneno niliyoyasema, sasa yananirudia

Hesabuni. Ma-ne-no-ni-li-yo-ya-se-ma. Tisa. Imezidi moja. Nikahangaika nayo, nikageuza hivi nikageuza vile, haikubali. Mwisho nikajaribu kuweka umoja badala ya wingi:

Neno nililolisema, sasa linanirudia

Nane kwa nane. Ikakaa.

Alafu nikaiangalia nikaona ndo ukweli wenyewe. Hayakuwa maneno. Lilikuwa neno moja. Nilikuwa najificha kwenye wingi, "maneno", unajua, mambo ya mume na mke, tulitupiana maneno. Hamna, yeye hakunitupia kitu. Mimi nilimwita jina moja, mara moja, mbele ya mdogo wake. Mizani ilinikatalia kusema uongo mdogo. Shairi sikulimaliza, nilienda mwenyewe kwa miguu yangu nikalisema lile neno nikaomba radhi kwa lile neno.

Alirudi baada ya wiki tatu. Shairi anasema bado ananidai.

Mtazamaji wa Nyuma

Fundi wa Beti hiyo ya neno moja imenikumbusha Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969. Tuliigiza shuleni, mimi nilikuwa raia tu nyuma huko sina hata mstari mmoja. Kinjeketile anawapa watu neno kuhusu maji, kwamba yatawakinga na risasi za Wajerumani, neno linawaunganisha, alafu linakua mpaka linamzidi yeye aliyelitoa, hawezi tena kulirudisha. Mwishoni kashakamatwa wanamtaka tu akiri kwamba maji ni uongo na anakataa. Kila siku ya mazoezi nilikuwa nasikia hiyo sehemu na sikuielewa mpaka nilipokuwa na cheo kazini nikatania kitu kuhusu kijana mmoja, utani wa sekunde tano, baada ya mwaka kijana bado anaitwa hivo na watu ambao hata mimi siwajui. Nimejaribu kuwaambia waache. Wananicheka, wanaona naleta unyenyekevu.

Huwa najiuliza kama kuwa raia asiye na mstari kulinisaidia kusikia.

Dada wa Kona

Mmeongea mazuri tu. Sasa mimi niongee ubaya wake maana hamna anayesema. Kusoma fasihi kunaharibu watu pia. Nilitoka na mtu wa fasihi. Ukimwambia umechoka anakuuliza umechoka "kwa maana gani". Ukivaa nyeusi ni ishara. Tulienda msibani mvua ikanyesha akaninong'oneza kwamba mandhari inaakisi hali ya wahusika. MSIBANI. Mtu anaacha kukuona wewe anaona mfano. Mleta uzi kuwa mkweli, wewe hujawahi?

Kalamu Butu

Nimewahi dada, tena vibaya.

Mchumba wangu wa kwanza nilikuwa namchambua. Nilimwambia kwa sifa kabisa kwamba yeye sio mhusika bapa, ni mhusika duara, anabadilika kulingana na matukio. Nikategemea atafurahi. Akanyamaza muda mrefu alafu akasema, "Mimi sio mhusika wako. Mhusika hawezi kukujibu." Na akaondoka kweli, sio siku hiyo ila akaondoka.

Kwahiyo nakubali. Kitabuni una bahati moja, kurasa zote zipo, ukitilia shaka unarudi sura ya pili. Kwa mtu hai una kurasa tatu nne zilizochanika na bado unataka kutoa maudhui. Ndo maana nasisitiza hako kaswali ka alama nne, sio uchambuzi. Uchambuzi ulishanikosesha mke. Muktadha ni kazi ya kitarishi tu, nani, kwa nani, wapi, kwa nini, na ukikosa moja unaacha wazi, huruhusiwi kujaza la kwako.

Mzee wa Kando

Kwenye methali ni hivohivo, mniruhusu wakuu. Watu wanasema Waswahili tunajipinga, mara haraka haraka haina baraka, mara ngoja ngoja huumiza matumbo, tushike ipi? Hamna kujipinga. Mzee hatembei na methali zote mbili mdomoni kwa wakati mmoja, anaangalia kwanza aliye mbele yake ni mpapara au ni mzembe. Methali bila wa kuambiwa ni maandishi ya kwenye kanga iliyopo kabatini.

Bint Kurasa

Mzee wa Kando leo umeandika zaidi ya neno moja tuweke kumbukumbu.

Ila mleta uzi umetukwepa. Kaka je? Ulimwambia?

Namba Hazidanganyi

Ndo hilo nangoja. Nimekuja kubisha sasa sina amani.

Kalamu Butu

Nilijua mtauliza.

Bahasha ile nilikaa nayo siku nne mezani. Nilitaka kumwandikia ujumbe nikaona mimi tena nitaanza kupamba, kwahiyo nikapiga. Jumapili mchana. Alipokea akiwa karakana, nyuma kuna mashine inakereza chuma, ananiambia subiri, naisikia inazimwa.

Nikamwambia bro, nataka kukuuliza kitu cha zamani. Nikamsomea lile dondoo kama lilivyo kwenye bahasha, bila kicheko.

Kimya. Alafu: "Nilisema hivyo? Lini?"

Hakumbuki. Miaka tisa mimi nimebeba sentensi, mwenyewe hata hakuihifadhi. Nikamweleza ni ule mwaka wa mgongo wa mzee, likizo, usiku, sebuleni. Akasema maneno hayakumbuki lakini usiku wenyewe anaukumbuka vizuri, ule ambao mzee alirusha kikombe.

Nikamwambia kikombe gani?

"Kikombe. Si alikirusha ukutani, chai yote kwenye kalenda. Alisema basi na wewe toka, wote mmenishinda. Mimi ndo nikaokota vile vipande mpaka saa saba, mama asivione asubuhi. Hukusikia?"

Sikusikia. Nilishaondoka barazani. Niliondoka na mstari mmoja nikaacha onyesho zima ndani. Ile kalenda naikumbuka, ilikuwa na doa la kahawia mwezi wa nane mpaka wa tisa, nilidhani ni maji ya mvua kwenye paa.

Nikataka kusema asante, mnajua hizi asante za kiume zinavyokwama kooni, nikaanza kuzunguka sijui nashukuru kwa kipindi kile, sijui nimetafakari. Akanikata. Akaniuliza, tena sio kwa ubaya, kama mtu anayeuliza bei ya misumari:

"Kwani ulikuwa umesimama pale nje? Sasa mbona hukuingia?"

Wakuu, nina shahada. Nimesoma riwaya sijui ngapi. Jibu pekee nililokuwa nalo ni kwamba nilikuwa nimefuata chaja.

Akacheka. Akacheka mpaka akaanza kukohoa, namsikia anamwambia fundi mwenzake pale "eti alifuata chaja". Na hicho kicheko sijakiongeza mimi.